Cherehani ya bibi isiende kwenye mzani wa skrepa

Ndugu Mhariri,

Shikamoo na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mmezoea barua fupi ila hili limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita, siku nilipopita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu huku Nyakato nikakuta kijana kaweka kichwa cha Singer kwenye mzani. Kichwa kizima, kile cheusi chenye maua ya dhahabu yaliyofutika futika, gurudumu lipo, bamba la mbele lipo, kilichokosekana ni bobini na kikombe chake basi. Kilo 12 na ushee. Akalipwa bei ya chuma sawasawa na nondo iliyopinda. Nikamuuliza mdogo wangu hii umeitoa wapi, akasema dada hiyo ya bibi, haizunguki, imekaa ndani miaka inatubania nafasi. Nikamlipa yule mnunuzi hela yake na ya juu kidogo nikaipakia kwenye bodaboda mpaka nyumbani, na kesho yake jioni ilikuwa inashona.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza mwaka wa 14 sasa, nashona sare za shule, mashati ya kwaya, magauni ya vitenge, na tangu elimu ianze kutolewa bila ada mwaka 2016 watoto wamejaa madarasani, kwa hiyo kila Januari sisi mafundi hatulali. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa najua kushona tu, cherehani ikiharibika mi nakaa, namsubiri fundi wa cherehani aje, na yeye ana mashine thelathini za watu zinamsubiri. Kuna Januari moja nilipoteza oda ya shule nzima kwa sababu mashine ilitoka taimingi, yaani sindano na ile ndoano ya chini hazikutani kwa wakati, inaruka mishono, na fundi alikuwa kasafiri kwenda kwenye msiba. Nililia. Wateja hawana muda wa kusikiliza habari za taimingi, wanataka sketi ya mtoto Jumatatu asubuhi.

Baadaye nikapata bahati ya kwenda kujitolea Belfast, Ireland ya Kaskazini, kwenye shirika dogo linalopokea vifaa vya ufundi vilivyozeeka, wanavikarabati, halafu wanavipeleka Afrika kwa mafundi. Watu wengi nikiwaambia nilienda kujitolea Ulaya wananishangaa, maana tumezoea wao ndio wanaokuja kujitolea kwetu, miezi mitatu anafundisha watoto nyimbo, anapiga picha, anarudi. Mtanzania kwenda kujitolea kwao linawaingia taratibu. Viza ipo, ile ya wafanyakazi wa mashirika ya hisani, inaruhusu mpaka miezi 12, ila hulipwi mshahara, unapewa pa kulala, chakula na nauli, na shirika lenyewe lazima liwe limeidhinishwa na serikali yao. Nasema hivyo ili mtu asije akadhani nilienda kutafuta hela, hela sikupata, na kijana yeyote akiambiwa na mtu alipie mamilioni apelekwe kujitolea nje ajiulize mara mbili.

Nilifika Novemba. Baridi yake siisimulii, ila giza ndo lilinishinda, Desemba kule jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, unaenda kazini giza unarudi giza. Belfast ni mji wa mafundi toka zamani, ndiko ilikoundwa ile meli ya Titanic, na mpaka leo zile kreni mbili za njano za kiwanda cha meli, wanaziita Samson na Goliath, unaziona ukiwa karibu kila kona ya mji. Kulikuwa na viwanda vikubwa vya kitani pia. Sasa viwanda vingi vimekufa, ila vifaa havikufa, vimebaki kwenye mabanda nyuma ya nyumba za watu. Mzee anafariki, watoto wanafungua banda wanakuta misumeno, patasi, randa, jiriwa, spana za kila namba, hawajui wafanye nini navyo, wanavileta pale karakana kwenye maboksi. Wengine wanaleta na cherehani ya mama yao imefunikwa na shuka. Nimeona mwanamke ameleta randa ya baba yake akasimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuiachia.

Kazi ilikuwa hivi. Unapokea boksi, unachambua. Kibovu kabisa kinawekwa pembeni, na hapa walikuwa wakali kweli, mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha meli, mi nilikuwa namwita Mzee tu mpaka wote wakaiga, alikuwa anashika kila kifaa anajiuliza angekuwa yeye fundi wa kule angefurahi kupokea hiki, kama jibu ni hapana hakiendi. Nilimheshimu sana kwa hilo. Maana sote tumeshaona misaada ya kompyuta zisizowaka na vitanda vya hospitali visivyo na magurudumu, mtu anatuma takataka anaita upendo.

Kilichobaki kinasafishwa kutu kwa brashi ya waya, vingine tunaloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi kutu inatoka kama uji. Mipini iliyooza tunatoa tunaweka mipya, tunapaka mafuta ya kitani. Tindo ambayo kichwa kimefumuka kama uyoga kwa kugongwa lazima ukisage kile kilichofumuka, la sivyo siku moja kipande kinaruka kinaingia jichoni, na mimi nikakumbuka mafundi wangapi huku kwetu wanapigilia tindo za hivyo kila siku bila miwani. Patasi ukiinoa kwenye mashine ya kusaga unaichovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache, ukiona ncha imegeuka bluu ujue chuma kimeungua, ukali hautakaa tena mpaka usage ile sehemu yote iishe. Yule Mzee alikuwa akisikia mashine inalia muda mrefu bila mtu kuchovya anakuja mwenyewe anazima swichi.

Msumeno ndo ulinichukua muda. Nilidhani kunoa msumeno ni kupitisha tupa basi. Kumbe kwanza unaweka tupa bapa juu ya meno yote unasawazisha urefu, jino moja likiwa refu kuliko wenzake linafanya kazi peke yake. Halafu unapinda meno, moja kulia moja kushoto, kidogo tu, ili msumeno upate njia usibanwe na mbao. Ndo baadaye unakuja na tupa ya pembetatu, jino moja unapiga, jino moja unaruka, ukifika mwisho unageuza msumeno unarudia yale uliyoyaruka. Msumeno wa kupasua mbao kwa urefu na ule wa kukata kukatisha nyuzi meno yake hayanolewi sawa. Wa kwanza ulinichukua siku nzima. Nilipoujaribu kwenye kipande cha msonobari ukazama wenyewe bila kusukuma nikapiga kelele, wakaja wote kuona kuna nini.

Lakini roho yangu ilikuwa kwenye cherehani. Zilikuja nyingi, na nyingi ni Singer zilizotengenezwa Clydebank, Scotland, ng'ambo tu ya bahari kutoka Belfast, kiwanda kikubwa sana enzi zake, kilifungwa mwaka 1980. Kila mashine ina namba imepigwa kwenye chuma, na herufi zilizotangulia zinakuambia ilitoka kiwanda gani na miaka gani. Siku moja nikashika moja namba yake inaanza na herufi Y, nikaambiwa hii ni ya Clydebank, imetengenezwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Nikakaa nayo kimya. Kwa sababu cherehani ya bibi yangu mzaa mama kule Magu namba yake ilianza na Y, naikumbuka vizuri, nikiwa mdogo nilikuwa nachezesha kidole kwenye zile namba wakati yeye anakanyaga. Yaani ile ya bibi na ile iliyokuwa mbele yangu zilitoka mlango mmoja, moja ikashuka bandarini kwetu sijui lini, nyingine ikabaki Belfast, na zote mbili zikaja kuzeeka.

Ile ilikuwa imeganda kabisa, gurudumu haliendi mbele wala nyuma. Na mtu asiyejua angechukua nyundo. Nilichofundishwa ni subira. Unatoa bamba la sindano, unachokonoa uchafu, pale chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa nilitoa kitu kama mkeka mdogo, vumbi la nguo limeshindiliana miaka na miaka. Unatia mafuta ya taa kwenye kila kiungo, unaacha ilale. Asubuhi unapasha moto taratibu kwa ile mashine ya kukaushia nywele, unatikisa gurudumu bila nguvu, huku na huku, huku na huku, inasogea upana wa ukucha, unatia tena. Siku ya pili saa nane mchana ikazunguka. Ndipo unafuta mafuta ya taa yote unaweka mafuta yenyewe ya cherehani.

Na hapa niwaombe mafundi wenzangu, tafadhali, tuache kutia mafuta ya kula kwenye cherehani. Najua yapo jikoni na yale mengine yanauzwa kachupa kadogo kwa bei. Mafuta ya kula yanakauka, yanageuka kama gundi, mashine nyingi mnazosema zimekufa hazijafa, zimegandishwa na alizeti. Zikipigwa mafuta ya taa kwa subira nyingi zinaamka. Ile ya bibi wa yule kijana wa skrepa ilikuwa na ugonjwa huo huo, nilikwangua mafuta yaliyoganda rangi ya asali.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba vifaa haviendi kiholela. Vinapangwa seti kwa kazi ya mtu. Ya seremala ina misumeno, randa, patasi, keekee, skwea, nyundo, ya mwashi ina mwiko, pima maji, timazi, ya fundi cherehani ina mashine na mikasi na sindano za akiba na bisibisi zake. Na kwenye seti ya seremala lazima kuwe na jiwe la kunolea na tupa. Mzee hakuruhusu boksi lifungwe bila jiwe. Alisema ukimpa mtu patasi bila jiwe umempa patasi ya mwezi mmoja.

Mashirika ya namna hii Uingereza yapo kadhaa, na kubwa mojawapo lilianza mwaka 1979, lilikuwa na makao pale Netley Marsh karibu na Southampton, linaitwa Tools for Self Reliance, yaani vifaa kwa ajili ya kujitegemea, na Tanzania ni miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupelekewa vifaa. Neno kujitegemea si geni kwetu, limo kwenye Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nilipokuwa naambiwa habari hizo nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja. Vizuri kwa sababu wazo letu limewafanya wazee wastaafu wa Uingereza wakae kwenye baridi wananoa misumeno. Vibaya kwa sababu sisi wenyewe, wenye neno, msumeno ukiisha makali tunautupa juu ya bati.

Na hapo ndo kwenye sababu ya barua hii Mhariri. Hii kazi ya kukarabati vifaa tunaiweza hapa hapa na tuna sababu zote za kuifanya. Hapa Mwanza kuna mtaa unaitwa Makoroboi, watoto wa siku hizi wanajua ni sehemu ya machinga na nguo, ila jina limetokana na wale mafundi waliokuwa wanatengeneza koroboi kwa mabati na makopo yaliyotupwa. Wahunzi wetu wanachukua springi ya lori iliyokatika wanatoa panga na patasi ambayo haipindi. Ujuzi wa kufanya kitu kilichokufa kifufuke tunao, haujakaa tu mahali pamoja ukaitwa kazi.

Vijana wanamaliza vyuo vya ufundi kila mwaka. Wamefundishwa vizuri tu, wana vyeti, na siku ya mahafali anarudi nyumbani na joho la kuazima na cheti mkononi, hana hata nyundo. Chuoni alitumia vya chuo. Sasa anaenda kwa fundi mkubwa anabeba mbao miaka miwili akisubiri kuazimwa randa, au anakata tamaa anaendesha bodaboda. Namjua binti alisomea useremala, akamaliza wa pili darasani kwao, leo anauza vocha. Nilimuuliza unahitaji nini uanze, hakusema mtaji, alisema msumeno, randa, patasi tatu na meza.

Wengine wataniambia dada vifaa vipya vya bei chee vimejaa dukani, uhangaike na vikuukuu vya nini. Nimevinunua. Patasi ya bei ya chini unagonga mara tano ncha inajikunja kama bati, msumeno wake ukiisha makali ndo basi maana meno yamefanywa magumu mno kwa moto, tupa haiyagusi. Kile cha zamani unanoa, unatumia, unanoa, mpaka unamrithisha mtoto. Sisemi kila kipya ni kibaya, mashine yangu ya kwanza ilikuwa Butterfly mpya na imenilisha, nasema masikini anauziwa kifaa kilekile mara nne.

Na kusubiri makontena nako si jibu. Mimi niliporudi nilituma maboksi yangu mawili ya vifaa kwa meli, wakala mmoja aliniahidi wiki mbili bandarini, ikawa miezi, gharama za kuhifadhi zikapanda kila siku, mwisho nilicholipa kingenunua cherehani mbili mpya. Vifaa nilivyovibeba toka Belfast kwa mapenzi vikaja kuwa ghali kuliko vya dukani. Wakati huo huo hapa Nyakato cherehani ya bibi ipo kwenye mzani.

Ninachoomba ni hivi. SIDO tangu mwaka 1973 ipo kwa ajili ya viwanda vidogo na ina ofisi mikoani. Kila mkoa pawe na chumba kimoja, chumba tu, chenye umeme, meza mbili imara, jiriwa, mashine ya kusaga, matupa, mafuta, na wazee wawili watatu mafundi wastaafu wanaolipwa posho. Watu walete vifaa vilivyolala ndani. Taasisi za umma zinapopiga mnada karakana zao basi zile jiriwa na spana zisiishie kwa watu wa kilo, zipite kwanza hapo. Vijana waliomaliza ufundi waje wajitolee miezi mitatu, wakarabati vifaa ishirini, na anapoondoka anaondoka na seti yake aliyoinoa kwa mikono yake, na jiwe lake humo ndani.

Halafu hii mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ni kitu kizuri sana, mimi mwenyewe kikundi chetu kimefaidika. Ila hela taslimu ina maadui wengi, mtoto anaumwa, msiba, ada ya kaka, mwezi wa pili mkopo umeliwa na kazi haijaanza. Kwa nini kwa wale wanaotaka wasikopeshwe seti ya vifaa? Randa hailiki. Na ikishindikana kurejesha, kifaa kinarudi chumbani kinanolewa anapewa mwingine.

Niliutafuta mji wa yule bibi mwenye cherehani, yule kijana alinipeleka mwenyewe, kwa aibu kidogo, tulibeba na mashine. Bibi hakujua kwamba imeuzwa. Macho yake hayaoni vizuri tena. Nilipoiweka mezani akaipapasa, akauliza nani kaondoa kutu, halafu akaomba uzi, akautungia kuanzia juu mpaka karibu na sindano kwa vidole tu bila kuangalia, pale kwenye tundu ndo akashindwa akaniambia malizia. Akanisimulia ile mashine ndiyo iliyosomesha watoto wake watano. Nikamwachia. Mjukuu sasa anakuja kwangu Jumamosi, yeye na wasichana watatu, tunakaa chini ya mwembe, tumeshaamsha mashine sita, ya saba imetushinda kwa sababu kikombe cha bobini cha aina yake hatujakipata, na mvua ikinyesha tunaingiza kila kitu ndani kwa kukimbia.

Kwa hiyo nimalizie kwa ombi dogo kuliko yote. Kama kuna msomaji Mwanza hapa ana cherehani ambayo haizunguki, au banda la marehemu baba lenye vifaa, asiite watu wa kilo kabla hatujaviona. Na kama kuna kanisa, msikiti, shule au mtu binafsi mwenye chumba chenye umeme asichokitumia siku za Jumamosi, atuazime. Meza tutatengeneza wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, Nyakato, Mwanza